Kipa wa Kuazima

Nimeazima sufuria, nimeazima chumvi, na siku ya msiba wa mume wangu niliazima mpaka viti vya jirani ambaye hatusalimiani. Lakini binti wa watu, mzima, na meno yake yote kinywani, sikuwahi kusikia anaazimwa mpaka klabu ilipomleta yule mtoto nyumbani kwangu, msimu ukiwa katikati.

Gari lilisimama mlangoni, akashuka Katibu wa klabu, tumbo likimtangulia. Akaniambia huyu ni golikipa, anatoka klabu kubwa, tumempata kwa mkopo hadi msimu uishe. Nikamuuliza, akivunjika tunalipa au tunarudisha vipande? Katibu hakucheka, yeye ni mtu wa vikao. Aliyecheka ni binti mwenyewe, akaficha mdomo kwa glavu alizokuwa ameshika. Wachezaji wenzake wanaokaa kwangu wakamwita Mkopo kabla hajamaliza kupanda ngazi, na jina likamganda.

Nieleze nyumba kwanza, maana bila nyumba hakuna habari. Mume wangu alikuwa mwashi, na mwashi akijijengea mwenyewe hajui pa kuachia. Kila alipopata matofali aliongeza chumba, mpaka nyumba ikawa kubwa kuliko akili zetu sote wawili. Halafu akafa. Watoto wakakua, wakashika njia, kila mmoja na mji wake, nikabaki nazunguka humo ndani kama punje moja ndani ya debe. Ukikohoa sebuleni, jikoni panakuitikia. Kuna wakati nilikuwa naandaa chakula, nakiweka mezani, halafu natoka nje nagonga mlango wangu mwenyewe, ili angalau aingie mtu.

Kwa hiyo klabu ya mpira ya wanawake ilipotafuta mahali pa kulaza wachezaji wake, niliwakubalia kabla hawajafika kwenye bei. Wakaleta vitanda vya ghorofa, wakaleta ndoo za barafu za kuloweka miguu, wakaleta kelele. Baraza ikajaa viatu vya njumu vyenye udongo, bafuni pakawa na foleni, na kila mlango ukajifunza kubamizwa. Mimi nikawa mpishi wao na mlinzi wao. Kwa kuwa sauti yangu haikufika vyumba vya juu, Kocha alinipa kipyenga, nikawa napuliza chakula kikiiva. Ndipo wakaniita Bibi Kipyenga. Mpira wenyewe sikuujua. Nilijua tu kwamba ukiingia kwetu watakula kidogo, na ukiingia kwa wenzao nitapika mara mbili.

Msimu huo walikula kidogo sana.

Hofu ilinianza siku Katibu alipokuja, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuposa, akasema timu iko mkiani. Ikishuka daraja wafadhili watajitoa, na klabu haitaweza tena kukaa hapa. "Nyumba tutakurudishia, Bibi," akasema, kana kwamba ananipa zawadi. Nikamshukuru. Alipoondoka nilipanda juu, nikafungua chumba kimoja baada ya kingine, nikavitazama vitanda visivyotandikwa, taulo mbichi juu ya milango, soksi zisizojua pacha wao alipo. Nikajiambia, wewe kikongwe, ukiachiwa ukimya ule tena hutoki salama. Tangu siku ile nikawa mshabiki. Nilimchukia refa mmoja mpaka moyo ukawa unaniuma, na sikuwahi hata kumwona sura.

Sasa, kuna chumba cha nyuma, kinachotazama kamba za kuanikia nguo. Hicho kilikuwa cha magolikipa. Sijui nani alianzisha, lakini magolikipa hulala pamoja; wale wanaocheza mbele hawawataki vyumbani mwao, wanasema wana mambo yao. Humo alikuwa analala golikipa wa kwanza, mpaka goti lilipomsaliti mazoezini akarudi kwao na magongo, na golikipa wa pili, ambaye wenzake walimwita Akiba.

Akiba ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wachezaji wote mle ndani. Mvi chache alikuwa nazo, akizing'oa mbele ya kioo cha bafuni nami nikijifanya sioni. Kazi ya golikipa wa pili, kama hujui, ni hii. Kabla ya mechi anampigia mwenzake mipira, anamrushia, anamkimbizia, mpaka mwili wa mwenzake upate moto. Kisha yeye anavaa koti, anakaa. Msimu baada ya msimu Akiba alivaa koti akakaa. Jezi yake ya mechi nilikuwa naifua kwa mazoea tu, maana haikuwa na doa. Siku moja nikamtania, nikamwambia usijali mwanangu, akiba haiozi. Akanijibu bila kuinua macho kwenye sahani:

"Haiozi, Bibi. Inaota ukungu."

Golikipa wa kwanza alipoumia, niliona Akiba anavyobadilika. Jioni ile alifua glavu zake mwenyewe, akaziminya kidole kwa kidole, akazianika pale ambapo jua hugonga mapema. Asubuhi alikunywa chai amesimama. Ndipo gari likaja na Mkopo. Wakubwa walikuwa wamekaa kikao, wakaona kuazima ni salama kuliko kumwamini aliyepo. Akiba alimtazama yule mtoto akishuka, tukiwa bega kwa bega kwenye dirisha la jikoni. Kisha akatoka nje, akampokea begi, akampandisha chumbani, na nikamsikia anamwonyesha kitanda kipi kinalia na dirisha lipi halifungi. Roho kama ile mimi sina. Ningekuwa mimi, ningemwonyesha kile kinacholia nikamwapia ndicho kizuri.

Mkopo alikuwa na mikono, nisimpunje. Sare zikaanza kupatikana, mara ushindi mwembamba, na timu ikaanza kujikongoja kutoka mkiani. Alikuwa bado mdogo, wa kuchekacheka, na akimzoea mtu anamfuata nyuma kama kifaranga. Jikoni kwangu ndiko alikomwaga maneno yake yote. Alinisimulia klabu yake, na zaidi alinisimulia rafiki yake waliyekuwa wakilala chumba kimoja, mshambuliaji ambaye kila mtu humwita Nyundo. Nyundo ndiye aliyekuwa akimsuka nywele. Tangu aje kwetu Mkopo hakusukwa na mtu. Alifunga kitambaa, akasema atangoja arudi. Akiba naye alimpigia mipira kila siku kabla ya mechi, mpaka mwili wa yule mtoto upate moto, kisha akavaa koti.

Tukafika mechi ya mwisho. Tulihitaji sare tu ili tubaki. Ilikuwa ya ugenini, na ilikuwa dhidi ya klabu ileile kubwa iliyotukopesha Mkopo.

Nahodha, beki mrefu mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, ndiye aliyenifafanulia jambo hilo jikoni. Mchezaji wa mkopo haruhusiwi kucheza dhidi ya klabu iliyomkopesha. Ndiyo kanuni. Nikasema hiyo ni haki. Hata mimi nikikuazima kisu sitarajii unijie nacho mlangoni. Nahodha akasema Bibi, hili si la mzaha. Nilikuwa nimeshaelewa. Golini atasimama Akiba.

Ungedhani nyumba ingefurahi kwa ajili yake. Haikufurahi. Walimtazama kama mtu anavyolitazama paa linalovuja, wingu likiwa limetanda.

Mwanzoni mwa wiki ile, tukiwa mezani, Nahodha aliweka kijiko chini akamgeukia Mkopo. Alianza kwa upole. Alisema Nyundo ndiye mpigaji wao wa penalti, na timu ile inajua kuzitafuta penalti, inaanguka yenyewe kama embe bivu. Wewe umemdakia mazoezini tangu mkiwa watoto. Anapiga wapi? Meza nzima ikaacha kutafuna. Mkopo alitazama sahani yake, masikio yakimwaka.

"Mmeazima mikono," akasema. "Mdomo hamkuazima."

Hakuna aliyecheka, ingawa mimi ilibidi nigeukie jiko. Mmoja akauliza huyu anakula chakula cha nani humu. Mwingine akasema tumelala na jasusi, ndiyo maana tunafungwa, kana kwamba hatukuwa tunafungwa vizuri tu kabla hajaja. Akiba peke yake ndiye aliyeendelea kula. Aliomba apitishiwe chumvi.

Kuanzia hapo wakamkalia kimya. Sijui kama umewahi kukaliwa kimya ndani ya nyumba iliyojaa watu. Mimi nimekaa na kimya cha nyumba tupu, nakijua kwa jina na ukoo, na nakwambia afadhali hicho. Mkopo akiingia sebuleni, mazungumzo yanakatika kama uzi. Akikaa kwenye kochi, kochi linakuwa lake lote. Na kwa kuwa mechi ile haikumhusu, Kocha alimwambia asisumbuke kwenda mazoezini. Akawa anashinda nyumbani, anapanda ngazi, anashuka, anafua nguo safi. Nilimkuta mchana mmoja amekaa chumbani kwao kwenye sakafu, katikati ya vitanda viwili, anarusha mpira ukutani na kuudaka, polepole, usitoe sauti.

Mimi nami sikumwacha apumzike. Nilitaka nyumba yangu ibaki na watu, na mwenye kutaka hana haya. Nikamwita tuchambue maharage, nikajitia hamnazo, nikauliza habari za rafiki yake. Huyo Nyundo, akikusuka, anashika kitana kwa mkono gani? Akitembea anaanza na mguu upi? Na ile miguu yake, yote ina nguvu sawa, au upo mmoja mvivu? Mkopo akaokota kijiwe kwenye maharage, akakiweka pembeni.

"Bibi," akasema, "hata polisi huwa wanazunguka zaidi ya hapo."

Siku iliyofuata nikabadili mbinu. Nikamwambia marehemu mume wangu alikuwa mpiga penalti hodari. Mungu anisamehe, mwanamume yule hakuwahi kupiga hata teke la kuku. Nikamweleza alivyokuwa akirudi nyuma, alivyokuwa akitazama huku na kupiga kule, nikiamini naye ataingiwa na hamu ya kusimulia wa kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema inaelekea babu alikuwa anapaisha sana. Tukacheka wote wawili. Halafu wenzake wakasikika wanarudi kutoka mazoezini, viatu vinagonga baraza, naye akainuka akapitia mlango wa nyuma asikutane nao.

Kesho yake ikawa imebaki siku moja kabla ya mechi. Alasiri, wenzake wakiwa uwanjani kwa mazoezi ya mwisho, tulikuwa tunaanua nguo. Sikuwa nimemuuliza kitu. Nilikuwa nimechoka kumwinda, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kumwonea huruma. Alikuwa ameishika jezi ya Akiba, anaikunja, anaikunjua. Akaniambia Akiba siku hizi hapati usingizi, anageukageuka, naye analala macho akimsikiliza. Na hawasemeshani. Si kwa ugomvi, akasema. Kila mmoja anaogopa mwenzake akifungua mdomo litatoka lile la penalti.

Kisha, bila kunitazama:

"Anatazama mkono wa kushoto wa kipa. Anapiga wa kulia, chini. Siku zote, Bibi. Akiwa na wasiwasi ndiyo kabisa."

Nikabaki na kibanio cha nguo kinywani.

"Mimi sijamwambia kipa yeyote," akasema. "Nimemwambia bibi yangu. Utakavyofanya ni shauri lako."

Akachukua beseni akaingia ndani. Nikakaa kwenye ngazi za nyuma. Nilikuwa nimekihangaikia kitu kile wiki nzima kama mlevi anavyoihangaikia chupa, na sasa kilikuwa mdomoni mwangu na hakikuwa na utamu wowote. Mtoto alikuwa na rafiki mmoja tu duniani ambaye hajamnunia, na huyo ndiye aliyemtoa. Alimtoa kwa ajili ya watu wasiompa hata salamu. Nguo zilizobaki kwenye kamba ziliingia umande nikiwa nimekaa palepale.

Asubuhi basi lilikuja chai ikiwa bado ya moto. Wakatoka mmoja mmoja na mabegi yao, kimya, kama watu wanaokwenda kwa daktari. Mkopo hakushuka. Nilikuwa nimeshaamua: nyumba ni nyumba, nitasema. Nikafunga mkate na mayai kwenye kitambaa, iwe kisingizio, nikamfuata Akiba aliyekuwa wa mwisho kupanda. Nikamshika kiwiko nikamvuta hadi nyuma ya basi. Akanitazama usoni. Mtu aliyekaa benchi miaka mingi anajua kusoma nyuso. Hana kazi nyingine pale.

"Amekwambia," akasema.

Nikamsogezea kitambaa cha mkate.

"Usiniambie, Bibi."

Nikamwambia mwanangu, ni neno dogo, halichukui hata pumzi moja. Nikamwambia habari ya nyumba. Nilimwambia yote, vyumba, ngazi, jinsi jikoni panavyomwitikia mtu anayekohoa. Sikuwahi kumwambia mtu hayo, hata watoto wangu wanaonipigia simu kuniuliza kama nimekula. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema taratibu, kama anayeomba radhi:

"Nikiudaka kwa kuambiwa, aliyedaka ni yule. Mimi nitakuwa nimesimama tu, kama nilivyokaa siku zote. Niachie huu mmoja uwe wangu, Bibi. Hata ukinipita."

Akachukua mkate, akapanda. Alikaa upande wangu, dirisha lake likiwa wazi, na dereva yule ni mtu wa kugeuza gari kwa awamu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Nafasi ya kusema ilikuwepo, tena tele. Nililifuata dirisha lile kwa macho, mbele, nyuma, mbele. Basi likanyooka, likaondoka. Nilikuwa nimemeza.

Mechi tuliisikiliza jikoni, mimi na Mkopo. Aliketi na mgongo ukutani, redio iko kati yetu na bakuli la viazi. Mtangazaji hakumjua Akiba. Mwanzo alimwita kwa jina la yule mwenye goti, akasahihishwa, akaanza kumwita golikipa huyu mgeni. Mgeni, na yule mwanamke amepasha moto magolikipa wa klabu ile tangu mtangazaji mwenyewe anabadilika sauti.

Lakini alikuwa anadaka. Mtangazaji aliposema kona, mikono ya Mkopo iliinuka kidogo juu ya meza. Aliposema shuti la chini, bega lake lilielemea upande. Nadhani hakujijua. Alikuwa anacheza mechi nzima akiwa amekaa pale. Nyundo akagongesha mwamba, Mkopo akasema "aah", na mpaka leo sijui aah ile ilikuwa ya nani. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Cha pili kikaenda, kikaenda, na mimi nikawa nimemenya viazi vya kulisha kambi ya jeshi. Sare ilikuwa yetu. Nilianza kufikiria nitapika nini jioni.

Karibu na mwisho Nahodha wetu mwenyewe alimwangusha mtu ndani ya boksi. Hata mtangazaji alisema hakuna ubishi.

Mkopo akanigeukia. Uso wake ulikuwa umefunguka, kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Ataudaka," akasema. "Si ulimwambia?"

Nikaweka kisu chini. "Sikumwambia."

Alinitazama kama ambaye hakusikia. Redioni Nyundo alikuwa anaupanga mpira. Mkopo akauliza kwa sauti ndogo kwa nini, nikasema mwenyewe alikataa, akauliza alikataa vipi, na mtangazaji akasema anarudi nyuma, anatazama kushoto kwa golikipa, anakuja. Halafu redio ikajaa kelele za watu wengine.

Kulia, chini. Akiba alikuwa ameruka kushoto.

Mkopo hakulia. Aliiweka mikono yake kwapani, kama mtu anayesikia baridi. Wetu walisukumana mbele kwa dakika zilizobaki, mpira mmoja ukagonga mtambaa panya, ukarudi uwanjani, refa akamaliza. Nikazima redio.

"Kwa hiyo nilimsema rafiki yangu bure," akasema.

Nikamwambia maneno yale yamefika kwangu na kwangu hayatoki. Sijui kama yalimsaidia. Alikusanya maganda ya viazi, akayatupa, akarudi akafuta meza, akaifuta tena. Tulikuwa wawili mle ndani, na nyumba ilikuwa imeshaanza kuwa tupu.

Walirudi jioni. Walipanda juu moja kwa moja, hakuna mlango uliobamizwa. Nami sikupuliza kipyenga; anayetaka kula atakuja kwa miguu yake. Aliyekuja ni Akiba. Alikuwa bado na jezi ya mechi, hakubadili. Kiwiko kilikuwa cha kijani kwa nyasi, tope limemkaukia shavuni. Alisimama mlangoni kidogo, kama mama aliyeleta mtoto aonwe. Mkopo akainuka ampishe. Akiba akamwambia kaa.

Akaanza kutusimulia. Alianza na kona ya kwanza aliyoipiga ngumi, akasema iliingia kwenye ngumi kama imetumwa. Akasimulia shuti aliloliokoa kwa mguu, na mpira wa juu alioushika kati ya vichwa vinne mpaka akasikia uwanja mzima unaguna. Mkopo akauliza, hapo ulikuwa umesimama wapi? Akiba akavuta vikombe, akavipanga mezani, hiki mimi, hiki beki, hiki yule mwenye mbio. Mkopo akasogeza kimoja. Wakabishana juu ya vikombe. Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakisema namna ile, na mimi nilisimama nao nyuma, nikikoroga chungu kisichohitaji kukorogwa.

Akiba akaacha kupanga. Alikuwa ameshika kikombe kimoja.

"Ile penalti," akasema. "Alitazama kushoto nikamwamini. Yule huwa anapiga kulia siku zote?"

Hakuniuliza mimi. Alimwuliza aliyejua. Mkopo hakunitazama, wala mimi sikumtazama, lakini tulisikiana pumzi. Akisema ndiyo, Akiba atajua kwamba pale nyuma ya basi palikuwa na neno moja lililobeba timu, nyumba, na kikongwe aliyekuwa akimbembeleza. Na mipira yote aliyodaka siku ile itageuka, itakuwa ile aliyodaka kabla ya kutuangusha.

"Hapana," Mkopo akasema. "Hubadilisha. Yule huwezi kumjua."

Akiba akashusha pumzi ndefu. "Basi nilibahatisha vibaya," akasema. Akacheka kidogo, akaomba chakula, akala sahani mbili.

Klabu ilishuka daraja na Katibu akawa mkweli, jambo ambalo hakuwa amezoea. Wafadhili walijitoa. Wachezaji wenye majina walipata timu nyingine, wakanibusu, wakaondoka wakiahidi kupiga simu. Lori likaja kuchukua vitanda. Siku ya Mkopo lilikuja lile gari lake, na nikamwambia Katibu amrudishe kama alivyompokea, asimkwaruze. Hakucheka. Mkopo alinikumbatia muda mrefu kiasi kwamba dereva alizima injini. Nilitaka kumuuliza atamwambia nini Nyundo siku atakapoketi chini asukwe, lakini kuna maswali ambayo hata mimi nayaacha. Akiba alikwenda na mabaki ya timu kwenye mji mdogo wenye kodi nafuu. Yeye ndiye golikipa wa kwanza sasa. Hakuna mwingine.

Msimu mpya umeanza. Binti yangu mkubwa ananipigia, ananiambia mama, njoo ukae kwangu upumzike. Namwambia ngoja kwanza ligi iishe. Ligi ya chini hairushwi redioni, kwa hiyo Akiba anasimama golini kila wiki, anadaka au anapitwa, na mimi sisikii. Ligi kuu inarushwa. Klabu ya Mkopo ina golikipa mwingine, mkubwa, wa timu ya taifa, na Mkopo yuko benchi. Mtangazaji hawataji walio benchi. Nakaa jikoni nasikiliza mechi nzima, mwanzo hadi mwisho, kwa ajili ya mtu ambaye najua hatatajwa.

Juzi muuza maziwa alinikuta na redio sikioni, akashangaa, akauliza Bibi, wewe unamshabikia nani humo? Nikamwambia nina mjukuu, golikipa. Akauliza anaendeleaje msimu huu. Nikamwambia hajafungwa hata bao moja. Akanipongeza sana, akanimiminia maziwa akazidisha kidogo, akaenda zake. Nikafunga mlango. Kipindi cha pili kilikuwa kinaanza.